Pori Lile Lina Wenyewe: Jinsi Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji Unavyoandikwa na Kupitiwa Upya

Ukipita wilaya ya Kiteto, mkoani Manyara, mwezi wa tisa, utaona kilometa kwa kilometa za ardhi ya kahawia: migunga iliyosimama mbalimbali, nyasi kavu, hakuna nyumba, hakuna shamba. Abiria wa pembeni yako huenda akasema, "Ardhi yote hii imekaa bure." Rudi hapo hapo mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeshika. Nyasi zimefika magotini, ng'ombe wametawanyika hadi macho yanapoishia, na vijana wanaowachunga wanajua kila korongo kwa jina. Mwezi wa tisa mifugo ilikuwa imehamishiwa malisho ya kiangazi, yale ambayo Wamaasai huyaita alalili, ili hapa papumzike.

Nimeanza na pori hilo kwa sababu bila kulielewa ni vigumu kuelewa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji ni wa nini. Wengi wanaujua kama ramani ya rangi iliyobandikwa ofisini kwa mtendaji: kijani msitu, njano mashamba, kahawia malisho. Kwa maoni yangu kazi yake kubwa ni kuisemea ardhi ambayo hakuna mtu aliyeikalia. Shamba lina mwenye jembe na nyumba ina mlango, lakini malisho, msitu, ukingo wa mto na njia ya ng'ombe kwenda lamboni havina mtu wa kusimama mlangoni akauliza, "Karibu, unamtafuta nani?" Mpango ukiandikwa vizuri, ndio unaosimama pale.

Chanzo cha haja hiyo kimo ndani ya sheria zenyewe. Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili, zikaanza kutumika Mei 2001: Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5. Zote zinaigawa ardhi ya Tanzania Bara katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya vijiji. Hii ya vijiji ndiyo kubwa kuliko zote, kiasi cha asilimia 70 kwa makadirio yanayotajwa siku zote. Sasa soma tafsiri ya "ardhi ya jumla" katika kila sheria. Sheria ya vijiji inasema ni ardhi yote ya umma isiyo ya hifadhi wala ya kijiji. Sheria ya Ardhi inasema hivyo hivyo, kisha inaongeza maneno machache: pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Kwa maneno hayo machache, malisho yaliyopumzishwa mwezi wa tisa yanaweza kusomwa kuwa ardhi ya jumla, ambayo husimamiwa na Kamishna wa Ardhi na kijiji hakina kauli juu yake.

Wanasheria wamebishana muda mrefu juu ya tafsiri ipi ishike. Mwanakijiji hawezi kungoja mabishano hayo yaishe. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha pori lile limeandikwa, kwa jina na kwa mipaka, kwamba linatumika, linatumika na nani, na kwa utaratibu gani.

Nani basi anaandika? Hapa watu huchanganyikiwa kwa sababu neno "halmashauri" linabeba vyombo viwili, na kwa sababu wengi hudhani mipango hushuka kutoka mkoani. Mkoa, kwa Tanzania Bara, ni mkono wa Serikali Kuu. Una Mkuu wa Mkoa, Sekretarieti yenye wataalamu, na Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Unashauri, unafuatilia, na mara nyingi unasuluhisha wilaya zinapogombania mpaka, ila hauna madiwani wa kupitisha mpango. Chombo chenye madiwani ni Halmashauri ya Wilaya. Chini yake iko Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na juu ya hiyo, kwa mambo ya ardhi, uko Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inazitambua halmashauri zote mbili kuwa mamlaka za upangaji, kila moja kwa eneo lake. Pembeni yao ipo Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya 1984, inayotoa miongozo na kuzijengea uwezo halmashauri.

Kwa hiyo kisheria kijiji hakipangiwi. Kinajipangia, na wilaya inakisaidia kwa utaalamu na kuthibitisha kilichoamuliwa. Halmashauri ya Kijiji yenyewe inaishika ardhi kama mdhamini anavyoshika mali ya mwingine, na haiwezi kumgawia mtu hata ekari moja bila Mkutano Mkuu kuridhia. Jambo hili linajulikana kidogo mno. Ningependa liandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya kijiji.

Mwongozo wa Tume unaipanga kazi katika hatua sita. Ya kwanza ni maandalizi wilayani: kuchagua vijiji, kutenga fedha au kutafuta mfadhili, na kuunda timu ya wataalamu ambayo watumishi wote huiita PLUM, kifupi cha Kiingereza cha usimamizi shirikishi wa matumizi ya ardhi. Humo wamo maofisa wa ardhi, kilimo, mifugo, misitu, maji na maendeleo ya jamii. Ukikuta timu ina mpima na afisa ardhi peke yao, jua mpango utakuwa wa viwanja na mipaka, na maji yatasahaulika.

Hatua ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana hapo kijiji kinaongea. Timu inafika, Mkutano Mkuu unaitishwa, inachaguliwa kamati ya kijiji ya usimamizi wa matumizi ya ardhi, yenye wanaume na wanawake, wakulima na wafugaji. Kisha watu wanachora walichonacho.

Nilikaa kwenye zoezi hilo katika kijiji kimoja cha wakulima na wafugaji. Wanaume walichora ramani yao chini ya mkwaju, wanawake wakachora ya kwao nyuma ya ofisi ya mtendaji. Mto ulikuwa mstari wa majivu. Mashamba yalikuwa magunzi ya mahindi, nyumba zilikuwa mbegu za maboga, na msitu ni majani mabichi yaliyochumwa hapo hapo. Wanaume walianza na mipaka: jiwe lile, mbuyu ule, korongo tunalogombania na jirani. Wanawake kwa nusu saa nzima hawakuugusa mpaka. Walianza na kisima, wakaja kwenye kisima cha pili kinachokauka mwezi wa nane, halafu mahali pa kuokotea kuni, udongo wa kufinyangia vyungu, na njia ya mkato ya kwenda zahanati. Ramani mbili zilipolinganishwa, ikaonekana kwamba eneo ambalo wanaume walilijaza magunzi, wakiliita mashamba ya baadaye, ndilo lenye kuni zote pamoja na kile kisima cha pili. Mama mmoja wa makamo akasimama.

"Mwenyekiti, samahani. Mkishalima hapo, sisi kuni tutazitoa wapi?"

Mwenyekiti alitazama magunzi yale, akayatazama tena. "Mama, hilo hatukuliona," alisema. Afisa misitu aliliandika swali lile kwenye daftari, na siku mbili baadaye mstari wa mashamba ya baadaye ulisogezwa kaskazini.

Ndiyo maana nasisitiza ramani zichorwe mbili. Ukiwaweka wote pamoja tangu asubuhi, kisima cha pili hakitaonekana.

Hatua ya tatu huichukua michoro ya ardhini na kuipeleka kwenye vipimo. Wataalamu na wanakamati wanatembea na kifaa cha GPS, wanapima udongo, wanahesabu mifugo, wanaangalia mto unatiririka miezi mingapi. Vijiji jirani wanaitwa kusimama kwenye mpaka, kila upande na wazee wake, na wakikubaliana wanasaini muhtasari. Bila makubaliano hayo kijiji hakipati Cheti cha Ardhi ya Kijiji, na bila mpaka unaokubalika kila mstari utakaochorwa ndani yake unaning'inia hewani. Kazi hii huchosha na hukasirisha. Kuna vijiji vilivyokwama hapo miaka mingi. Lakini anayeona kutembea mpakani ni kupoteza muda akumbuke Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, ambako Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Migogoro ya namna hiyo haianzi siku ya mauaji. Huanza miaka mingi nyuma, pale njia ya mifugo inapolimwa na hakuna karatasi inayoonyesha kwamba ilikuwa njia.

Katika hatua ya nne ndipo mistari huchorwa. Sheria ya vijiji inataka ardhi ya kijiji itenganishwe katika sehemu tatu: ya pamoja, ya watu binafsi na familia, na ya akiba ambayo kijiji kitaigawa baadaye. Ndani ya hizo wanapanga makazi, mashamba, malisho, msitu, vyanzo vya maji, maeneo ya shule na makaburi. Si kila mstari uko mikononi mwa kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeshachora mmoja: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa hairuhusiwi shughuli ya kudumu wala inayoweza kuharibu mazingira ya pale. Kwa mkulima wa mboga anayemwagilia kwa ndoo, mita 60 ndizo bustani yake yote. Hapo afisa akija na kanuni tu bila njia mbadala, kama mfereji au pampu ya pamoja, mstari utakaa kwenye ramani na mboga zitaendelea kuota ukingoni. Halafu kuna mamlaka zinazoangalia eneo pana kuliko kijiji na wilaya. Bodi za maji za mabonde tisa, kuanzia Pangani na Rufiji hadi Ziwa Nyasa, zina mipango yao ya mito ile ile, na mpango wa kijiji kisichojua maji yake yameahidiwa nani huko chini una kasoro tangu siku ya kwanza.

Rasimu inajadiliwa na Halmashauri ya Kijiji, inapelekwa Mkutano Mkuu, ikikubaliwa inaenda Halmashauri ya Wilaya. Pamoja nayo zinakwenda sheria ndogo, kwa kuwa ramani haimtozi mtu faini. Sheria ndogo ndiyo inayosema anayelisha ng'ombe kwenye malisho ya kiangazi kabla ya tarehe fulani atalipa kiasi gani, na anayechoma mkaa msituni bila kibali atafanywa nini. Zinatungwa kijijini, lakini hazina nguvu mpaka madiwani wazipitishe. Nimeona mafaili ambamo ramani ilipitishwa na sheria ndogo zikabaki kabatini zikisubiri kikao kingine. Kijiji cha namna hiyo kina mpango ambao hakiwezi kuusimamia.

Zimebaki hatua mbili, na ni hizo zinazokosa fedha. Ya tano ni kuimarisha umiliki: kujenga masjala ya ardhi ya kijiji, kuweka Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu ni wanawake, na kutoa hati za hakimiliki ya kimila kwa watu, familia na vikundi. Ya sita ni mpango wa usimamizi wa kila eneo: malisho yapumzishwe lini, msitu uvunwe miti mingapi, kingo zipandwe nini, nani afanye doria. Mradi unakuja na bajeti ya hatua nne, ramani inazinduliwa, picha zinapigwa, gari linarudi wilayani. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000, na shinikizo la kuhesabu vilivyopangwa ni kubwa. Mimi ningechagua vijiji kumi vilivyofika hatua ya sita kuliko hamsini vilivyoishia ya nne, ingawa najua takwimu ya hamsini inapendeza zaidi kwenye ripoti.

Pale kazi inapofika mwisho, matunda yake yanaonekana. Huko huko Kiteto vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viligundua kwamba kila kimoja kikipanga malisho yake peke yake, hakuna kitakachopona ukame, kwa kuwa maji yako kwa huyu na nyasi za masika kwa yule. Sheria inaruhusu vijiji kuwa na makubaliano ya pamoja ya matumizi ya ardhi, mradi mkutano mkuu wa kila kijiji uridhie. Wakaunganisha malisho, zaidi ya hekta 20,000, wakaunda chama cha wafugaji, na eneo wakaliita OLENGAPA kwa kuunga vipande vya majina ya vijiji vyao. Hati za kimila zilitolewa kwa chama. Kijiji hakiwezi kutoa hati nje ya mpaka wake, kwa hiyo kila kimoja kilitoa kwa sehemu yake, na eneo moja likalindwa kwa karatasi kadhaa zinazosemeana. Utaratibu una mizunguko, lakini ng'ombe hawaijui. Wao wanafuata nyasi.

Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, lina mfano unaogusa zaidi. Wahadzabe wanaishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Hawajengi nyumba za kudumu wala hawalimi, na kwa jicho la abiria wetu ardhi yao ndiyo imekaa bure kuliko zote. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya kundi zima, juu ya mpango wa matumizi ya ardhi unaotaja uwindaji na urinaji kuwa matumizi kamili ya ardhi, sawasawa na kilimo. Baadaye misitu ile ile ikaanza kuwaletea mapato ya hewa ukaa, yaani malipo ya kuacha miti isimame. Njia hii ya hati za pamoja ilisukumwa sana na shirika la Ujamaa Community Resource Team, na mmoja wa viongozi wake, Edward Loure, alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi hiyo.

Na kusini, Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilitenga misitu yao ya mpingo kuwa hifadhi za msitu wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Mwaka 2009, kwa msaada wa shirika la Mpingo, usimamizi wao ulipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vizuri, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Zamani mvunaji alikuja na kibali cha wilayani, akakata, akaondoka, na kijiji kikabaki na visiki. Baada ya msitu kuwa na mpango, mvunaji anazungumza bei na kamati.

Sasa tuje kwenye kupitia upya, sehemu ambayo maandishi mengi huimaliza kwa sentensi moja.

Mipango mingi huandikwa kwa miaka 10. Fikiria kilichotokea katika miaka 10 ya kawaida. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9. Ya 2022 ilihesabu 61,741,120. Ongezeko ni zaidi ya theluthi moja, na hakuna kijiji kilichoongezewa ekari. Katika muda huo huo zimepita chaguzi za serikali za mitaa za 2014 na 2019, kisha ya 2024, na kila mara wanaingia viongozi ambao hawakukaa chini ya mkwaju ule. Vijiji vimegawanywa: kitongoji kinakua, kinapewa hadhi ya kijiji, kinaondoka na sehemu ya malisho, na cheti cha kijiji mama hakilingani tena na ardhi iliyobaki. Mipaka ya hifadhi nayo imeguswa. Kamati ya mawaziri wa kisekta iliyoundwa mwaka 2019 ilishughulikia migogoro ya vijiji na mitaa 975, na kila penye mpaka uliobadilika, ramani ya zamani haisomeki tena.

Kisheria mapitio yanafuata njia ile ile ya kuandika. Hoja inaanzia Halmashauri ya Kijiji au kwa wananchi wenyewe. Kamati inalinganisha ramani na hali halisi, timu ya wilaya inakuja kupima palipobadilika, majirani wanaitwa, Mkutano Mkuu unaamua, wilaya inathibitisha. Kwenye karatasi hakuna ugumu. Ugumu uko katika mambo matatu ambayo ramani mpya haiwezi kuyafuta. Kwanza, hati za kimila zilizokwisha kutolewa ni haki za watu, na mstari hauwezi kupitishwa juu yake kana kwamba hazipo. Pili, palipo na makubaliano na vijiji vingine, huwezi kubadili peke yako: kijiji kimoja cha OLENGAPA hakiwezi kuamka na kugeuza sehemu yake kuwa mashamba. Tatu, sheria ndogo zilitungwa kwa ramani ya zamani, zikitaja maeneo kwa majina na mipaka ile. Ukibadili ramani ukaziacha, umeondoa ulinzi wa pale palipohamishiwa malisho. Hili la tatu ndilo linalosahaulika mno, maana sheria ndogo hazionekani kwenye ramani.

Linapokuja suala la kutoa ardhi ya kijiji kwa mwekezaji, njia ni tofauti. Ardhi lazima kwanza ihamishwe kutoka ya kijiji kwenda ya jumla. Eneo lisilozidi hekta 250 linaamuliwa na Mkutano Mkuu. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na uamuzi unakwenda kwa waziri. Wanakijiji waelezwe wazi kabla ya kunyoosha mikono kwamba ardhi ikishahama hairudi kijijini yenyewe, hata mwekezaji akishindwa na kuondoka.

Lakini mabadiliko makubwa zaidi ya mipango hayapiti kwenye mkutano wowote. Mgeni anafika, anaomba "kaeneo kadogo", anapewa ekari tano pembezoni mwa malisho kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa mhuri. Mwaka unaofuata anamleta ndugu yake. Baada ya misimu minne kuna vibanda, shule inaombwa, na mgombea anaahidi bomba la maji. Mpango umeshabadilishwa, na waliobadilisha hawakuuliza mtu. Kwa hiyo nikisikia watu wakisema mapitio yataleta vurugu, nawaambia mapitio yanafanyika kila siku. Swali ni kama yafanyike mbele ya wote na kuandikwa, au yafanyike jioni nyumbani kwa mtu.

Kwa wasomaji wa Kenya, mpangilio ni mwingine ingawa maumivu yanafanana. Huko kaunti ndizo zenye jukumu: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti kati ya 47 iwe na mpango wa matumizi ya ardhi yake wa miaka 10, upitiwe upya kila baada ya miaka mitano, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaziruhusu jamii kusajili ardhi yao. Kipindi cha mapitio kilichotajwa ndani ya sheria kina faida kubwa: mwananchi anaweza kusimama na kuuliza miaka mitano imekwisha, mapitio yako wapi? Upungufu ni kwamba kaunti ni kubwa, na kisima cha pili cha akina mama ni vigumu kuonekana kutoka makao makuu ya kaunti.

Nilirudi kwenye kile kijiji cha magunzi wakati wa mapitio. Ramani ilitolewa juu ya kabati ikiwa imekunjwa, pembe moja imeliwa na mchwa. Mwenyekiti alikuwa mwingine, kijana, na alikuwa anaiona ikifunguliwa kwa mara ya kwanza. Yule mama alikuwa mjumbe wa kamati sasa, na ndiye aliyemwonyesha kwa kidole: hapa kuni, hapa kisima, hapa tulisogeza. Eneo la kuni lilikuwa limeliwa upande wa barabara, kaya kumi na mbili zimejenga. Zoezi lilianza saa nne asubuhi. Kaya kumi na mbili zilikuja zote, na watoto. Baadhi ya wanakijiji walitaka kaya hizo ziondolewe, wengine wakasema watoto wa kaya hizo wanasoma hapa hapa, ziachwe, ila mstari usogezwe na bikoni ziwekwe leo hii. Mfugaji mmoja alikumbusha kwamba ukisogeza mstari huo kuelekea magharibi unaziba njia ya kwenda lamboni, na lambo ni la vijiji viwili. Mtendaji alihesabu waliohudhuria mara mbili. Akidi ilikuwa haijatimia. Mkutano ukaahirishwa hadi Jumamosi ya pili yake, baada ya mnada, na kijana wa pikipiki akatumwa kijiji jirani kupeleka barua ya mwaliko.